Mstari Alioufuta Godwin

Ndugu zangu mliosomesha watoto, na ninyi wasomi mliokulia kwenye migomba na mifereji ya wazazi wenu, kaeni kidogo msikie yaliyoipata nyumba ya Tabea wa Kikwe. Si habari ya kuchekesha. Nyumba ile haikuwa na mlevi wala mgomvi, na hakuna aliyemtakia jirani yake mabaya. Iliumizwa na uzembe wa kijana mwema, aliyekuwa amekaa mbali kidogo tu na nyumbani.

Anzeni kuiona siku moja ya Jumapili, ibada imekwisha, watu wamesimama uwanjani pa kanisa kwa ajili ya mnada wa sadaka za mazao. Jua lilikuwa la upole, Mlima Meru umejifunua wote mpaka kichwani. Mwinjilisti alikuwa ameshika jogoo mwekundu miguu juu, anampigia debe.

“Jogoo huyu, wapendwa, anawika alfajiri bila betri! Nani anaongeza?”

“Anawika au anakoroma?” akauliza Nelson, mtoto wa pili wa Tabea, na watu wakacheka. Nelson alikuwa hivyo, hakukosa la kusema. Alikuwa kijana mrefu, mikono ya jembe, ndiye aliyebaki nyumbani kumlimia mama yake tangu baba yao alipofariki.

Wakati huohuo, kwenye chumba kidogo cha ofisi ya usharika, Meshack karani aliwasha intaneti ya simu yake na kuiunganisha na kompyuta kuukuu iliyokuwa mezani. Haikuchukua muda, mikoba ya akina mama ikaanza kulia. Huku moja, kule tatu, mpaka mwinjilisti akanyamaza kwanza.

“Zamu za maji hizo!” mtu akasema. “Haya someni, jogoo anasubiri.”

Tabea alitoa simu yake ya tochi akaisogeza mbali na macho. Alhamisi asubuhi. Alirudisha simu kwenye mkoba kwa utaratibu, akamshukuru Mungu kimoyomoyo, kama alivyomshukuru kila Jumapili. Kwa sababu meseji ile, wapendwa, ilikuwa kazi ya mtoto wake wa kwanza, Godwin.

Wenye umri wanakumbuka mfereji wa Kikwe ulivyokuwa. Maji yanatoka juu mlimani, yanashuka shamba kwa shamba, na yakifika Kikwe ni machache na wanaoyataka ni wengi. Zamani zamu ilikuwa ya mwenye nguvu, au ya aliyempelekea mgawa maji dumu la mbege, pombe yetu ya ndizi. Watu walikatana kwa majembe. Marehemu Sumari, mume wa Tabea, alipokuwa mwenyekiti wa mfereji alihangaika na jambo hilo mpaka akaugua. Ndipo Godwin, akiwa bado chuoni, alikuja likizo akaandika programu ya kugawa zamu. Ukubwa wa shamba unaingizwa, kompyuta inapiga hesabu, kila mwenye shamba anapata meseji, na mgawa maji anapata orodha nzima.

Siku ya kuianza, watu wa mfereji walifanya jambo ambalo sijui kama lilifanyika kwingine. Walikwenda kanisani, wakasimama mbele ya madhabahu, wakaapa kwamba orodha ikishatoka hakuna wa kuongeza jina wala kupunguza, hata awe ndugu wa tumbo moja. Mzee Elieshi, mgawa maji, aliapa kwa sauti kuliko wote. Tabea alikuwa amesimama karibu naye. Tangu siku hiyo majembe yalirudi kulima.

Sasa vumilieni kidogo nieleze jambo la kompyuta, maana bila hilo hamtaelewa msiba ulikotokea.

Ndani ya programu ya Godwin kulikuwa na kipande chenye kazi ya kugawa tu: kugawa siku, kugawa saa, kugawa zamu. Kipande hicho alikitoa akakiweka kwenye mtandao, na watu wa mbali wakakichukua bure, huyu agawie zamu za wauguzi, yule za walinzi. Wenyewe wanakiita maktaba, ingawa hakina kitabu hata kimoja. Ni kazi iliyokwisha kufanywa; mwingine anaikuta tayari, anajenga yake juu.

Kompyuta nazo zina lugha zake, na lugha hizo hutoka toleo jipya baada ya toleo. Tabea aliwahi kumuuliza Godwin habari hiyo jikoni, wanapukuchua mahindi.

“Ni kama mashine ya kusaga ya zamani, mama,” Godwin alimjibu. “Bado inasaga, ila vipuri vyake havitengenezwi tena. Watu wamehamia mashine mpya.”

“Na kompyuta yetu ya usharika?”

“Hiyo inajua toleo la zamani tu. Nikiilazimisha mapya, inagoma. Haina nguvu.”

“Kwa hiyo unafanyaje?”

“Naandika kazi yangu isomeke kotekote, toleo la zamani na jipya. Kila nikibadilisha kitu najaribu huku, najaribu na kule. Ni usumbufu, lakini nitafanyaje? Ni nyumbani.”

Neno lile la mwisho Tabea alilihifadhi. Alilitaja hata kwenye maombi ya akina mama.

Godwin akapata kazi Arusha mjini, akapanga nyumba Themi. Mwanzoni alikuja kila mwisho wa mwezi. Baadaye alikuja Pasaka na Krismasi. Ili asilazimike kuja kuhudumia kompyuta ya usharika, aliipanga ijihudumie yenyewe: kila Jumapili ikipata mtandao, ijichukulie maktaba iliyo mpya kuliko zote. Simu ya mama aliipokea, ila nyuma ya sauti yake sasa kulikuwa na sauti za watu wengine na vicheko.

Yaliyotokea huko ofisini kwake Tabea aliyajua baadaye, Godwin mwenyewe alipomsimulia akiwa ameinamisha kichwa. Alikuwa na rafiki wa kazini aitwaye Reginald, kijana wa Machame, hodari, mcheshi. Siku hiyo Reginald alikuwa anaipitia maktaba ya Godwin, akaona mstari mmoja juu kabisa.

“Godi, huu mstari wa nini?”

“Wa toleo la zamani.”

“Nani bado anatumia toleo la zamani? Babu yako?”

Ofisi nzima ikacheka. Godwin naye akacheka. Hakusema, “Ni mama yangu.” Wapendwa, angesema maneno hayo matatu, nisingekuwa na habari ya kuwapa.

Jioni hiyohiyo alikaa akasafisha maktaba yake. Akaondoa kila kilichowekwa kwa ajili ya mashine za zamani. Laptopu kuukuu aliyokuwa anajaribia kazi zake aliitoa, akampa fundi achukue vipuri. Reginald, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimkumbusha jambo.

“Ukiondoa hivyo, weka alama mlangoni. Mashine ya zamani ikija, iambiwe isichukue hii mpya, ibaki na ile iliyo nayo.”

“Nitaweka,” Godwin akasema.

Hakuweka. Aliandika tangazo zuri la Kiingereza kwenye mtandao, kwamba maktaba yake imeyaaga mambo ya kale. Watu wa nchi za mbali wakampongeza, na pongezi zikamjaa kichwani hata alama akaisahau. Kompyuta ya usharika haikusoma tangazo. Mashine haisomi matangazo. Jumapili iliyofuata Meshack aliwasha intaneti kama kawaida, na ile mashine mtiifu ikachukua kilichokuwa kipya kuliko vyote.

Jumapili hiyo mikoba ililia, lakini si yote.

Tabea alitoa simu akaitazama. Kimya. Alidhani chaji imekwisha, haikuwa imekwisha. Akamgeukia jirani yake Rachel, mjane mwenzake mwenye kijishamba kama chake.

“Wewe umepata?”

“Sijapata. Labda mtandao.”

“Labda.”

Juma hilo halikuwa na shida, kwa sababu mvua ilidondoka kidogo. Jumapili ya pili simu zao zilikaa kimya tena. Tabea alimpigia Godwin.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Meseji za zamu hazijafika, hii ya pili sasa.”

“Wengine wamepata?”

“Wenye mashamba makubwa wamepata. Sisi wa nusu eka ndio hatuna.”

“Basi programu inafanya kazi, mama. Ingekuwa mbovu wasingepata wote. Hiyo ni mitandao ya simu tu. Mwambie Meshack.”

Alikwenda kwa Meshack. Karani alimwonyesha kioo cha kompyuta, akiwa amenyoosha mikono kama mtu anayetakiwa kuthibitisha hajaiba.

“Mama Godwin, ona mwenyewe. Imetoa hivyo hivyo. Jina lako halipo, la Rachel halipo. Na mimi siongezi jina. Tuliapa.”

“Sijakuambia uongeze. Nakuuliza kwa nini halipo.”

“Hilo aulizwe mwanao. Mimi nabonyeza tu.”

Alikwenda kwa Mzee Elieshi, akamkuta kwenye lango la maji, mahali pale pa saruji ambapo mfereji unagawanyika. Alikuwa mzee mwembamba, suruali imekunjwa mpaka magotini, anaondoa majani yaliyoziba. Orodha ilikuwa imekwisha kabla juma halijaisha, na maji ya siku zilizobaki yalikuwa yanateremka kwenda korongoni bila kumwagilia kitu.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba Mama Godwin. Najua kilichokuleta, na moyo unaniuma.”

“Maji yanapotea, mzee.”

“Yanapotea.”

“Maharage yangu yana maua. Yakikosa maji sasa, hakuna kuvuna.”

Mzee alisimama akajishika kiuno. “Mama, wewe na mimi tulisimama pale mbele siku ile. Nikikufungulia wewe leo kwa kuwa maji yanapotea, kesho nitamfungulia nani kwa kuwa ana mgonjwa? Keshokutwa nani kwa kuwa ameniletea mbege? Nilichukia kazi hii zamani kwa sababu hiyo. Mwambie kijana atazame kitu chake. Orodha ikinipa jina lako, hata usiku nitafungua.”

Tabea aligeuka kurudi nyumbani. Alijua mzee anasema kweli. Ndugu zangu, hapo ndipo penye uchungu wa habari hii: mtu mwaminifu alikuwa analinda kwa moyo wote orodha iliyooza.

Alipiga tena simu Themi. Godwin alikuwa kwenye kikao. “Nikimaliza naangalia, mama.” Akapiga jioni. “Kesho, mama, leo nimechoka sana.” Kesho yake Tabea hakupiga tena, akamwomba Mungu amkumbushe mtoto. Pengine angepiga. Alijilaumu sana baadaye, ingawa mtu ampigie mwanawe mara ngapi ndipo ahesabiwe amepiga?

Kijijini maneno yakaanza. Watu waliona mashamba ya wakubwa yamenawiri, vipande vya wajane na vijana vimekunja majani. Hakuna aliyesema kompyuta. Walisema Mzee Elieshi amekula rushwa. Waliokula sahani moja naye kwenye harusi walimpita njiani bila shikamoo. Mchungaji aliita kamati ya mfereji ikutane Jumamosi. Jumamosi ilikuwa mbali kwa maharage yenye maua.

Nelson alipoteza utani wake. Alikuwa anaamka anakwenda shambani, anarudi bila kula. Alikuwa amechumbia, na mavuno yale ndiyo yangemwezesha kufunga ndoa. Jumatano alipita dukani kununua chumvi, vijana waliokuwa wamekaa kwenye benchi wakamwanza.

“Nelson, kaka yako si ndiye mwenye kompyuta? Hata wewe amekufuta?”

“Mwacheni, kaka yake yuko Themi anakunywa maji ya chupa. Haya ya mfereji atayakumbuka wapi?”

“Au mzee kashiba ya wakubwa, na nyie mnaogopa kumwuliza. Mmeapa!” Wakacheka.

Nelson aliiacha chumvi kwenye kaunta. Alikwenda nyumbani, akachukua jembe. Tabea alikuwa anafua, akamwona anavyotembea, akaacha nguo kwenye beseni.

“Nelson! Unakwenda wapi?”

“Kufungua maji.”

“Mwanangu, tuliapa.”

“Uliapa wewe, mama. Maharage hayakuapa.”

Alimfuata, lakini miguu ya mama wa umri wake si miguu ya kijana. Alipofika karibu na lango alisikia sauti kabla ya kuona watu. Mzee Elieshi alikuwa amesimama juu ya saruji, mikono ameitanua, maji yanapita chini yake.

“Rudi, mjukuu wangu. Jumamosi tunakaa.”

“Jumamosi utakuwa umekula ngapi?”

“Sijala kitu. Baba yako ananiona aliko.”

“Usimtaje baba yangu! Toka!”

Nelson hakumpiga na jembe. Tabea aliapa hivyo mahakamani, na ni kweli, alikwishalitupa chini. Alimsukuma kwa mkono mmoja tu, kama unavyomsukuma mtu akupishe mlangoni. Lakini saruji ilikuwa na utelezi wa majimaji, na mzee alikuwa mwepesi. Alianguka chali, kisogo kikapiga ukingo wa lango. Maji yakaendelea kupita.

Nelson mwenyewe ndiye aliyemtoa, akamkumbatia, akawa anamwita, “Babu! Babu, amka, nakutania!” Tabea alivua khanga akamfunga kichwa. Walimpata mwenye pikapu, wakampeleka hospitali. Hakufika akiwa hai. Polisi walipokuja, walimkuta Nelson amekaa chini nje ya chumba cha maiti, hajakimbia.

Godwin alifika mchana wa siku iliyofuata. Hakuingia nyumbani. Alimkuta mama yake uwanjani pa kanisa, alikokwenda kuomba, akamshika mkono, wakaingia ofisini kwa Meshack. Akaketi mbele ya ile kompyuta. Aliangalia hiki, akafungua kile. Mwishowe aliiandikia mashine swali fupi.

“Umeiuliza nini?” Tabea akasema.

“Nimeiuliza moja ukigawa kwa mbili unapata ngapi.”

“Nusu.”

Godwin aligeuza kioo. Kompyuta ilikuwa imejibu: sifuri.

“Ndiyo tabia ya toleo la zamani, mama. Likigawa namba nzima kwa namba nzima, nusu linaitupa. Mwenye eka moja anapata zamu moja. Mwenye eka moja na nusu naye linampa moja. Mwenye nusu eka, niliyeiandika moja kugawa kwa mbili, linampa sifuri, na mwenye sifuri hatumiwi meseji, wala haandikwi kwenye orodha.”

“Mbona miaka yote ilikuwa inagawa vizuri?”

“Nilikuwa nimeweka mstari mmoja, unaoiambia mashine ya zamani isitupe nusu. Toleo jipya haliuhitaji. Nikaufuta.”

“Ulikuzuia nini ule mstari?”

Godwin alirudisha kioo kilipokuwa. “Haukunizuia kitu. Ulionekana mchafu.”

Meshack alitoka nje akaegemea ukuta. Tabea hakupiga kelele wala hakumlaumu. Meshack, aliyeona kupitia dirishani, anasema aliweka mkono wake juu ya meza, karibu na mkono wa mwanawe lakini haujaugusa, akabaki hivyo.

Godwin aliurudisha mstari palepale. Kazi hiyo ilikuwa fupi kuliko kufunga kamba za viatu. Majina ya wote yakatokea, Tabea, Rachel, na wengine wa vipande vidogo, na mgawa maji mpya aliyeteuliwa akawafungulia. Maji yalifika shambani kwa Tabea asubuhi yenye ukungu. Yalipita kwenye maharage yaliyokuwa yamekauka kwenye mashina, yakayalaza, yakaendelea na safari.

Baada ya mazishi, Tabea, Godwin na mchungaji walikwenda nyumbani kwa marehemu. Godwin alishika jani la sale, kama wazee wetu wanavyofanya mtu akienda kuomba msamaha mzito. Bibi Esther, mjane wa Mzee Elieshi, aliwapokea akiwa amekaa kwenye kigoda mlangoni.

“Shikamoo bibi,” Godwin akasema, amepiga magoti.

“Marahaba. Sema.”

“Bibi, Mzee hakula cha mtu. Orodha ndiyo iliyokuwa mbovu, na aliyeiharibu ni mimi.”

“Kwamba hakula, mimi hukuniambia jipya. Nimekaa naye tangu nikiwa msichana. Kawaambie wale waliompita njiani.”

“Nitawaambia.”

“Na mdogo wako?”

“Yuko mahabusu, bibi.”

Bibi Esther alilitazama jani lile kwa muda mrefu, hata mchungaji akaanza kukohoa. Kisha akanyoosha mkono akalipokea. “Nimesamehe. Mungu ni shahidi. Ila msidhani msamaha unamrudisha mtu. Leo asubuhi nimeweka vikombe viwili, nikakaa nakiangalia cha pili mpaka chai ikapoa.”

Tabea aliinuka akaenda kukaa chini karibu na kigoda chake, wakalia pamoja, wajane wawili. Kuanzia hapo, kila asubuhi aliyoweza, Tabea alikwenda kunywa chai kule.

Jumapili Godwin alisimama mbele ya usharika, mahali palepale watu walipoapia. Alieleza yote bila kujipunguzia. Alipomaliza, mzee mmoja aliuliza kutoka nyuma, “Yaani mstari mmoja tu, kijana?”

“Mmoja tu, babu.”

Wale waliomwita Mzee Elieshi mwizi walitazama sakafu. Vijana wa benchi la dukani walitoka kabla ya mnada, na siku hiyo mnada wenyewe haukuchangamka.

Mahakama ilimwona Nelson na hatia ya kuua bila kukusudia, akafungwa. Msichana aliyemchumbia alisubiri, kisha wazazi wake wakamwambia asisubiri. Godwin hakuacha kazi yake, lakini alinunua tena laptopu kuukuu ya kujaribia, na sasa maktaba yake ina matawi mawili, moja la mashine mpya na moja la zamani, na mlango wenye alama. Reginald humsaidia kulitunza lile la zamani, wala hakuna anayecheka. Ni vizuri. Lakini hayo yamekuja baada ya kaburi.

Tabea humtembelea Nelson gerezani. Mara ya kwanza waliruhusiwa kuongea kidogo sana. Alikuwa amebeba maneno mengi ya kumfariji, na alipomwona amevaa nguo zile, yote yakampotea. Nelson ndiye aliyeanza.

“Mama, nusu eka zinapata maji?”

“Zinapata, mwanangu. Zote.”

“Haya,” Nelson akasema. Akafuta macho kwa mkono wa shati. “Haya, basi.”

Na askari akawaambia muda umekwisha.

FUNZO

Wapendwa, jambo jipya si dhambi. Godwin hakukosea kupenda lugha mpya ya kompyuta, na hakuna anayedai mtu abebe vitu vya zamani mpaka afe. Alikosea kufuta bila kuuliza nani bado anaegemea pale. Ukitaka kuacha kumhudumia mtu, mwambie kwa lugha anayoielewa, umwekee mlango wenye alama, abaki salama na alicho nacho. Tangazo lililoandikwa mahali asipofika halijamfikia.

Ninyi mlioko mjini mkitengeneza vitu vinavyotumika na watu msiowaona, mkumbuke kwamba mashine kuukuu mnayoicheka ina mtu mbele yake, na mara nyingi ni mtu asiye na uwezo wa kununua nyingine. Mkichekwa kwa ajili yake, mtajeni. Semeni, “Ni mama yangu.” Na mama akipiga simu kusema kitu hakiendi, msimjibu kabla hamjaangalia.

Nasi tulioko nyumbani tunalo letu. Tuliapa kuilinda orodha, tukasahau kwamba orodha imetengenezwa na mtu, na mtu hukosea. Kiapo kingekuwa chema zaidi kama kingesema: jina la jirani likikosekana, wote tusimame, maji yafungwe, mpaka ijulikane kwa nini. Tena tulikuwa wepesi kumwita mwizi mtu tuliyemjua miaka yote, kuliko kuishuku mashine tusiyoijua hata kidogo.

Mungu amrehemu Mzee Elieshi, amtunze Bibi Esther, na amrudishe Nelson nyumbani mama yake angali hai.